Mikono ya msusi, nani ataikinga?

Kidole chake cha shahada kilikuwa kimevimba hata ngozi ikang'aa, naye alikuwa amekifunga kitambaa cheupe ili wateja wasikione. Msichana huyu nilimfunza Kiswahili katika shule ya upili miaka minane iliyopita. Sasa ni msusi, na jioni hiyo ya Jumamosi nilikuwa nimempeleka binti yangu kusukwa katika saluni anakofanya kazi. Nilimwuliza amepatwa na nini.

“Ni mdudu wa kidole tu, Mwalimu,” alinijibu. “Vilianza vilengelenge vidogo vidogo. Nilikwenda zahanati wakakipasua ili watoe usaha, lakini usaha haukutoka. Tangu siku hiyo maumivu yamezidi.”

Ilipita wiki nzima zaidi kabla hajaonwa na daktari wa ngozi, na hapo ndipo ugonjwa ulipotambuliwa. Halikuwa jipu. Ulikuwa ugonjwa wa malengelenge uletwao na virusi vya hapesi, vile vile ambavyo wengi wetu tunavifahamu kwa vidonda vinavyochipuka pembeni mwa midomo baada ya homa. Virusi hivyo vikipata kijeraha kidoleni hupenya na kuzusha vilengelenge vyenye maji, vinavyochoma kama moto, na asiyejua hudhani kuna usaha ndani. Kukipasua kidole cha namna hiyo ni kosa, kwa maana usaha wenyewe haupo, na jeraha jipya huwa ni mlango wa kuingilia bakteria. Madaktari wa meno waliujua vyema ugonjwa huu katika enzi ambayo walitia vidole vitupu vinywani mwa watu. Walipoanza kuvaa glavu, ukawapungukia.

Siku chache kabla ya kidole kuanza kuwasha, msichana huyo alikuwa amemng'oa mteja nywele za juu ya mdomo kwa nta, na mteja huyo alikuwa na kidonda pembeni mwa mdomo. Hawezi kuthibitisha kwamba alikipata hapo, wala mimi siwezi. Jambo asilolisahau ni kwamba alikaa siku kumi na saba bila kazi, na pasipo kazi hapana ujira, kwa sababu hulipwa kwa kila kichwa anachokihudumia. Virusi vyenyewe havitamtoka mwilini maisha yake yote. Huenda vikalala, huenda vikaamka tena.

Ninayasimulia haya kwa sababu kila tunapozungumzia usafi wa saluni na vinyozi, fikira zetu humwendea mteja. Tulijifunza hivyo tangu miaka ya 1990, wakati Ukimwi ulipokuwa ukizivamia nyumba zetu, hata serikali ikautangaza kuwa janga la kitaifa mwaka wa 1999. Wazazi waliwaonya watoto wao dhidi ya wembe uliotumiwa na mwingine, walimu wakaandika mabango, nao vinyozi wakalazimika kufungua wembe mpya mbele ya mteja. Onyo hilo lilikuwa la haki na liliokoa watu. Lakini ni wangapi miongoni mwetu waliowahi kumwuliza kinyozi mwenyewe anajikinga vipi?

Hebu tufanye hesabu ambayo mwanafunzi wa shule ya msingi anaiweza. Mteja huenda saluni mara moja au mbili kwa mwezi. Msusi hushika vichwa vinane kwa siku, siku sita kwa wiki, yaani vichwa vipatavyo mia mbili kwa mwezi. Ikiwa kila ngozi ishirini kuna moja yenye kitu cha kuambukiza, mteja aweza kumaliza mwaka mzima asikutane nacho. Msusi atakutana nacho mara kumi kabla ya mwezi kwisha.

Tuitazame kazi yenyewe. Ngozi nzima ni ukuta imara, na viini vingi vinavyotua juu yake havina pa kupitia. Kazi ya urembo hata hivyo ni kazi ya kuubomoa ukuta huo kidogo kidogo. Nta inaponyofoa nywele hunyofoa pia utando wa juu wa ngozi, matundu ya vinyweleo yakabaki wazi na aghalabu vitone vya damu vikajitokeza. Wako wanaodhani kwamba moto wa nta huua viini. La! Nta hupashwa kwa kiasi ambacho mtu anaweza kukistahimili mwilini, na joto la kustahimilika na ngozi halitoshi kuua viini kwa muda huo mfupi. Kijiti kilichokwisha kugusa ngozi ya mteja wa kwanza kikirudishwa katika chungu cha nta, mteja wa pili anapakwa nta pamoja na masalia ya wa kwanza.

Upande wa pili iko mikono ya mtumishi. Hulowa maji na sabuni tangu asubuhi hadi usiku. Huguswa na rilaksa, dawa kali ambayo mara nyingine huunguza utosi wa mteja hata ukatoa majimaji, naye msusi akaikosha dawa hiyo kwa vidole vitupu. Baada ya miezi michache ngozi ya mikono hukauka, ikapasuka kwenye vifundo na kandokando ya kucha. Basi ngozi iliyofunguliwa ya mteja hukutana na ngozi iliyopasuka ya mhudumu, na hakuna kilichowekwa baina yao.

Vinavyoweza kupita hapo ni vingi. Kuna choa na mapunye ya kichwani, yanayosababishwa na kuvu na kuenezwa na mashine ya kunyolea, chanuo na taulo. Kuna upele, ambao mdudu wake huhitaji mgusano wa ngozi kwa ngozi wa dakika kadhaa, muda ambao kazi ya kukanda mabega huupita kwa mbali. Kuna chunjua. Kuna moluskamu, vipele vidogo vinavyong'aa kama lulu, vyenye kitundu katikati, ambavyo mteja huweza kuvidhania kuwa ni chunusi akaomba avitumbuliwe. Kuna bakteria za stafilokoki ziletazo majipu. Katika vinyozi vyetu vya mijini siku hizi mtu akishanyolewa huoshwa uso, akasuguliwa, akakandwa shingo, na vijana wanaofanya kazi hiyo huvitumbua vipele vya ndevu kwa kucha zao wenyewe. Nimeliona hilo kwa macho yangu, na nakiri kwamba kwa miaka mingi nilikaa katika kiti hicho nikifurahia kukandwa bila kuwaza lolote juu ya vidole vilivyonikanda.

Mnamo tarehe 31 Julai 2024, Wizara ya Afya ilitangaza mgonjwa wa kwanza wa mpox kupatikana nchini, msafiri aliyetambuliwa katika mpaka wa Taita Taveta. Ugonjwa huo huenea hasa kwa kugusana na vidonda vya mgonjwa, na vidonda hivyo mara nyingi hutokea sehemu za siri, mahali ambapo wahudumu wa nta hufanyia kazi kwa karibu. Tulisikia matangazo mengi kwa madereva wa malori na kwa wasafiri wa mipakani, na yalikuwa mazuri. Lakini msichana mwenye chungu cha nta alikuwa na haki ya kuelezwa waziwazi ni upele wa namna gani ambao akiuona anapaswa kuweka kijiti chini na kumwambia mteja kwa adabu aende hospitali kwanza.

Nchi za ng'ambo zimeandika visa vyao, na yafaa tuvisome. Mwaka wa 2000, katika jimbo la California nchini Marekani, wateja zaidi ya 100 wa saluni moja ya kucha walitokwa na majipu sugu miguuni. Wachunguzi waligundua kwamba bakteria walikuwa wamejificha nyuma ya chujio za mabeseni ya kuoshea miguu, mahali palipokuwa na nywele na uchafu wa ngozi uliorundikana, na kwamba waliokuwa wamenyoa miguu kabla ya kwenda huko ndio walioathirika zaidi. Mwaka wa 2007 madaktari wa Australia walieleza kisa cha mwanamke kijana mwenye kisukari ambaye nusura afe kwa maambukizi ya bakteria na hapesi baada ya kung'olewa nywele za sehemu za siri kwa nta. Huko Nice, Ufaransa, kati ya mwaka wa 2011 na 2012, daktari mmoja wa ngozi aliwachunguza wagonjwa 30 wa moluskamu ya sehemu za siri, akaona kuwa karibu wote walikuwa wakiziondoa nywele zao, wengi kwa wembe na wachache kwa nta.

Msomaji atazame jambo moja katika visa vyote vitatu. Aliyehesabiwa ni mteja. Mkono uliomhudumia yule mwanamke wa Australia, na mikono iliyosugua mabeseni ya California, haimo katika hesabu.

Hadi hapa nimetaja maradhi ambayo mengi yake hutibika. Liko moja linalonitia hofu zaidi, nalo ni homa ya ini aina ya B. Virusi vyake huishi katika tone la damu lililokauka mezani au kwenye mkasi kwa muda wa siku saba au zaidi, vikiwa bado na uwezo wa kuambukiza. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika mwaka wa 2022 watu milioni 254 duniani walikuwa wakiishi na ugonjwa huu, na wengi wao hawakujua. Mhudumu wa hospitali ambaye hajachanjwa akidungwa na sindano yenye damu ya mgonjwa wa homa hii, uwezekano wa kuambukizwa ni kati ya 6 na 30 katika kila 100. Kwa virusi vya Ukimwi uwezekano huo ni kama 3 katika kila 1,000. Ni kweli kwamba sindano ya hospitali ina tundu na hubeba damu nyingi kuliko sindano ya msusi. Hata hivyo, uwiano wa hatari hizi mbili unatuonyesha kwamba tumeogopa moja na kuisahau nyingine.

Nimeitaja sindano ya msusi kwa makusudi. Mtu asiyejua kazi hii hudhani kwamba saluni haina sindano. Nywele za bandia hushonewa juu ya mistari iliyosukwa kwa sindano iliyopinda, na sindano hiyo hupita karibu kabisa na ngozi ya kichwa. Mwulize msusi yeyote amejidunga mara ngapi mwezi huu. Atacheka kwanza, kisha akuonyeshe vidole.

Chanjo ya homa ya ini aina ya B ipo. Hapa Kenya iliingizwa katika chanjo za kawaida za watoto wachanga mwaka wa 2001. Maana yake ni kwamba wengi waliozaliwa kabla ya hapo hawakuipata utotoni, nao ndio wasusi, vinyozi na wahudumu wa nta walio katika umri wa kufanya kazi sasa. Mtu mzima hupewa dozi tatu: ya kwanza, ya pili baada ya mwezi mmoja, na ya tatu miezi sita baada ya ile ya kwanza. Wauguzi hushauriwa kuipata kwa sababu kazi yao hukutana na damu. Je, kazi ya kinyozi hukutana na nini?

Nitajibiwa kwamba sheria ipo. Naam, ipo. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka wa 2007 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi vifaa vya kujikinga pale ambapo kazi inamlowesha au kumkutanisha na vitu vya kudhuru, na glavu zimetajwa humo kwa jina. Lakini mwajiri ni nani katika saluni zetu? Msusi wa kawaida hukodi kiti au hugawana mapato na mwenye nyumba ya biashara. Akiuliza glavu huambiwa kwamba yeye ni mfanyabiashara kama wengine, ajinunulie. Akichelewa kufika asubuhi, hapo ndipo anapogeuka kuwa mwajiriwa, akafokewa. Kwa maoni yangu yeyote anayekusanya ada ya kiti au sehemu ya mapato anapaswa kuhesabiwa kuwa na wajibu juu ya usalama wa mikono inayomletea fedha hizo, na maafisa wa kaunti wanaokuja kukagua leseni wangeweza kuanza kuuliza, pamoja na karatasi, sanduku la glavu liko wapi.

Mteja naye ana lawama yake. Msichana yule aliniambia kwamba siku aliyojaribu kuvaa glavu kabla ya kumpaka mteja nta, mama huyo alikasirika. “Kwani mimi nina ugonjwa gani?” aliuliza, akatoka na kuhamia saluni ya jirani. Mama huyo huyo akienda kung'olewa jino, daktari akamtia vidole kinywani bila glavu, angepiga kelele hadi barabarani.

Sisemi kwamba glavu zivaliwe katika kila kazi. Anayetaka msusi asuke mistari myembamba akiwa na glavu hajawahi kusuka, maana nywele hazishikiki. Kwa kazi hiyo inatosha kuosha mikono kabla na baada ya kila mteja, kufunika kila kijeraha kwa plasta, na kukitazama kichwa kabla ya kukishika. Glavu ni za kuoshea rilaksa, za nta, za kutumbulia vipele na za kunyolea, na kila mteja na jozi yake. Kuvaa jozi moja kutwa nzima ni kumlinda mhudumu nusu na kumwambukiza mteja kikamilifu. Kijiti cha nta kiguse ngozi mara moja kisha kitupwe. Vyombo vya chuma vioshwe kwa sabuni kwanza, kwa kuwa dawa haipenyi uchafu, ndipo vichemshwe kwa dakika 20. Damu iliyomwagika ifutwe kwa jiki iliyochanganywa na maji, sehemu moja kwa sita. Na anayejidunga kwa kitu chenye damu ya mtu asinyamaze. Dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi sharti zianzwe kabla ya saa 72 kupita, na mapema ndiyo bora, kisha zimezwe kwa siku 28.

Kuhusu kile kisanduku chenye taa ya samawati kinachowekwa mezani katika vinyozi vingi, natahadharisha. Mwanga wa aina hiyo hufanya kazi pale tu unapofika, na haufiki chini ya uchafu, ndani ya meno ya mashine wala upande wa pili wa mkasi. Kuweka chombo kichafu humo kwa dakika tano ni kukimulika tu.

Walimu wenzangu watasema mambo haya ni ya vyuo vya ufundi. Vyuo na wanaotahiniwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani angalau huguswa na somo la usafi, lakini wasichana na wavulana wengi huingia katika kazi hii moja kwa moja wakitoka kidato cha nne. Husimama nyuma ya kiti cha dada au shangazi kwa miezi mitatu, wakaitwa mafundi. Mtihani wa mwisho wanaoufanya maishani ni ule tuliowasimamia sisi. Tunawafundisha katika Biolojia tabaka za ngozi, wakazichora vizuri na kuzipa majina, na hatuwaambii kwamba baada ya mwaka mmoja nusu ya riziki ya darasa hilo huenda ikategemea tabaka hilo la juu kabisa.

Isitoshe, tusisahau mabweni yetu. Shule huamrisha nywele fupi, na Jumapili jioni mashine moja hunyoa vichwa thelathini au arubaini. Anayeishika ni mwanafunzi mwenye mkono mwepesi, anayelipwa kwa mkate au kwa sifa. Mapunye yakienea, tunawapeleka waliopatwa kwa muuguzi. Yule kinyozi mdogo hatumwulizi kama mikono yake ina choa, wala hatumpi spiriti ya kufutia mashine baina ya kichwa na kichwa. Hapo ndipo mwalimu wa zamu anaweza kuanzia, bila kungoja waraka wa wizara.

Kuhusu msichana yule, kidole kimepona, ijapokuwa kovu la kile kisu cha zahanati limebaki. Amerudi kazini. Amenunua sanduku la glavu kwa fedha zake mwenyewe na kuliweka mahali ambapo kila mteja analiona, na anasema wako wawili watatu waliomsifu na mmoja aliyeondoka. Mwezi wa Februari alipata dozi ya kwanza ya chanjo ya homa ya ini, na Machi akapata ya pili. Ya tatu ni mwezi wa Agosti. Kadi ameibandika kwenye kioo, karibu na orodha ya bei.